Kigari cha Kuvuta

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, ekseli ya nyuma ya kigari cha kwanza iligonga kisigino cha kulia cha Mhariri, katikati ya duka la vifaa vya watoto.

"Hiki hapana," alisema, akasimama.

Muuzaji alikuwa mwanamume mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani. Alikuja mbio kidogo. "Lakini kaka, hujakisukuma hata hatua moja! Hivi vinasukumwa. Hiki ukikisukuma ni kama unasukuma hewa."

"Sisukumi. Navuta."

Muuzaji alitazama fimbo nyeupe iliyokuwa mkono wa kulia wa mteja, akatazama kigari kilichokuwa nyuma yake mkono wa kushoto, kisha akamtazama mwanamke aliyesimama kando na utepe wa kupimia. Mwanamke hakumsaidia. Yeye ni mpima ardhi kwa kazi, na ana tabia ya kuwaacha watu wamalize kuona kilichopo.

Sababu ilikuwa rahisi. Mtu asiyeona anahitaji mbele yake pawe wazi kwa ajili ya fimbo. Akisukuma kigari, kigari ndicho kinachogeuka fimbo: nguzo ikiwapo njiani, mtoto ndiye anayeigundua. Mhariri alikuwa haoni tangu kuzaliwa. Alikata na kuunga sauti za vipindi kwenye kituo cha redio, na alikuwa ameamua kwamba binti yake atamfuata nyuma. Kwa hiyo kila kigari dukani kilipaswa kupimwa kinyume na kilivyotengenezwa.

"Nimeuza hivi vitu miaka mingi," muuzaji alisema, "sijawahi kuulizwa kinavutwaje."

"Basi leo tutajua wote," alisema Mhariri. "Lete kinachofuata."

Kwenye kiti kilichowekwa kwa ajili ya akina mama wanaonyonyesha alikuwa amekaa mama mkwe wake, mjukuu kifuani. Mama huyu alikuwa amefundisha udereva mpaka alipostaafu, na wanafunzi wake walimpa jina la Breki. Gari la kufundishia lina kanyagio la breki upande wa mwalimu pia, na yeye alilitumia sana. Baada ya kustaafu gari lilibaki kazini, mguu ukaondoka naye. Hata akipanda basi, dereva akichelewa kupunguza mwendo, mguu wa kulia wa Breki ulikanyaga sakafu.

Mjukuu alikuwa na miezi sita, kipara, na uso wa mtu anayesubiri maelezo. Nyumbani walimwita Mkurugenzi, kwa sababu akiamka mazungumzo yote yalikoma.

"Mimi nimeshasema," Breki alisema kutoka kwenye kiti. "Lile la dirishani. Lile ndilo gari. Hivyo vingine ni vikapu vimewekewa miguu."

"Mama, tutalifikia," alisema Mpima ardhi.

Familia nzima ilijua kilichokuwa kinaamuliwa, na hakikuwa kigari peke yake. Jumatatu likizo ya uzazi ya Mpima ardhi ilikuwa inaisha. Yeye angekuwa anaondoka alfajiri kwenda viwanja vya nje ya mji. Mhariri aliingia kazini mchana. Asubuhi yote ilikuwa yake na mtoto, kisha saa sita ilibidi ampeleke kwenye kituo cha kulelea watoto kilichokuwa jirani na redio. Ilikuwa njia ya mitaa miwili, na angeitembea peke yake. Breki alikuwa amependekeza njia nyingine: mtoto ahamie kwake mpaka atakapoanza kutembea. Alikuwa ameshafunga kitanda cha mtoto chumbani. Hakuna aliyetilia shaka upendo wake. Swali lilikuwa kama alikuwa sahihi, na mpaka asubuhi ile hapakuwa na ushahidi wa kumjibu.

Kigari cha pili kilikuwa chepesi, na kilikunjwa kama mwavuli. Kilipovutwa, magurudumu ya mbele yalianza kutikisika huku na huku.

"Kinatembea kama mtu aliyetolewa baa," alisema Breki.

"Na kiti hakilali," alisema Mpima ardhi. "Akisinzia, shingo inaning'inia."

Kikarudishwa.

Kile cha dirishani kilivutwa vizuri. Hilo lisemwe. Magurudumu yake yalikuwa makubwa, yamejazwa upepo, na kilipita juu ya kizingiti cha duka bila mtoto wa majaribio, yaani mwanasesere, kutikisa kichwa. Breki aliinua kidevu. Mpima ardhi alipiga goti, akapima upana, akasoma, akapima tena.

"Mlango wa lifti yetu unakiacha na nafasi ya kidole kila upande," alisema. "Na kikishaingia kwenye korido ya nyumba, anayetaka kwenda jikoni itabidi aruke."

"Mtaruka," alisema Breki. "Mko vijana."

"Kinakunjwaje?" aliuliza Mhariri.

Muuzaji alionyesha: mkono mmoja huku, mkono mwingine kule, kisha goti kusindikiza.

"Mtoto atakuwa mkono wangu wa kushoto. Mkono wa tatu nitautoa wapi?"

"Goti pia unalo moja tu la kusimamia," alisema mke wake, akaandika kitu hewani kwa utepe, ishara yake ya kufunga shauri.

Cha nne hakikuwa na uso wa kukumbukwa. Kilikuwa cha kijivu. Muuzaji alikileta kama mtu anayemtambulisha binamu mpole. Lakini ndani ya umbo dogo kilikuwa na kila kitu cha kigari kikubwa: kiti cha kimo kamili kinacholala mpaka mtoto anyooke, kofia ya jua inayoshuka hadi magotini, kikapu cha chini kinachobeba mfuko wa nepi na bado kinabaki na nafasi. Kiti kiligeuka kutazama mbele au nyuma, na kigari kilikunjika kiti kikiwa upande wowote. Mpini ulirefuka. Magurudumu ya mbele yalikuwa na kitufe cha kuyafunga yasizunguke.

Mhariri alirefusha mpini hadi mwisho, akafunga magurudumu, akavuta. Alikwenda hadi kwenye rafu za chupa, akageuka, akarudi. Kisigino hakikugusa chochote. Kigari kilimfuata kwa mstari mmoja.

"Rudia," alisema Mpima ardhi. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, jicho moja limefumbwa, akitazama magurudumu kama anavyotazama mpaka wa shamba.

Alirudia. "Hakiendi kushoto wala kulia," mke wake alisema kutoka chini.

"Breki," alisema Mhariri.

"Naam?" aliitika mama mkwe.

"Samahani mama, namaanisha ya kigari."

Muuzaji alieleza kwa furaha. Kanyagio moja, ukikanyaga, alama inakuwa nyekundu, ukiachia inakuwa kijani. "Hata mtoto anaelewa."

"Mimi ninasubiri hiyo nyekundu ipige kelele," alisema Mhariri. Akakanyaga. Akaachia. Akakanyaga tena, ameinamisha kichwa. "Magurudumu ya nyuma ni mawili?"

"Ndiyo."

"Nasikia moja tu likikamata. Tak. Nilitegemea tak, tak."

"Alama ni nyekundu kabisa, kaka."

Mpima ardhi aliinua upande wa kulia wa kigari, akalizungusha gurudumu kwa kidole. Likazunguka, polepole, mbele ya macho ya watu wote, huku alama ikiwa nyekundu.

"Hicho ni cha maonyesho," alisema muuzaji, miwani ameshaivaa. "Kimekanyagwa na kila anayepita. Ngoja." Akaenda stoo, akarudi na kingine ndani ya boksi, akakitoa, akakifungia magurudumu yake, akakiweka mbele ya Mhariri.

Tak, tak.

Mkurugenzi alifungua macho. Wote wakanyamaza.

"Hiki," alisema Mhariri.

Walipotoka dukani, kigari cha kijivu kikiwa nyuma ya Mhariri na Mkurugenzi ndani yake kwa mara ya kwanza, Breki alisimama palepale mlangoni, watu wakimzunguka kupita.

"Mwanangu, nisikilize. Kigari kimefaulu. Dereva bado."

"Sawa, mama."

"Kesho, saa ileile utakayokuwa unatoka. Mlangoni hadi kwenye kituo cha watoto, Mkurugenzi akiwa ndani. Mimi mtahini. Sheria zangu unazijua?"

"Mwanafunzi akisababisha mguu wako ukanyage, amefeli."

"Bila majadiliano. Ukifeli, Jumapili mtoto anakuja kwangu, na nisisikie mtu akinuna. Ukifaulu, sitalitaja tena jambo hili."

Mpima ardhi alifungua mdomo. "Mama, huo mguu unakanyaga hata kwenye taarifa ya habari…"

"Nimekubali," alisema Mhariri.

Walipofika nyumbani, mke wake alimwambia pale koridoni, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Umemweka binti yangu rehani kwa mguu wa mama yangu."

"Mguu wa mama yako ndio mguu mkali kuliko yote mjini. Huo ukitulia, wewe utatulia?"

Alifikiri. "Nitatulia."

"Basi. Nipe unga."

Mpaka saa ya Mhariri kwenda kazini, mfuko wa unga, umevishwa nguo ya Mkurugenzi, ulibebwa mkono wa kushoto mara nyingi kuliko ambavyo mfuko wa unga hutarajia. Mkono wa kulia ulijifunza kigari. Kwenye kiti kulikuwa na ukanda. Ukiuvuta juu, kigari kilijikunja chenyewe kwa mshindo mmoja, kikabaki kimesimama. Kilipowekwa nyuma ya mlango, mlango ulifunguka wote. Mpima ardhi alipita kwenda jikoni, akarudi, akapita tena bila haja ya kitu chochote.

Kitu kimoja hakikwenda sawa, na kilitokana na lifti. Mhariri alipoingia kwanza, unga ulibaki nje. Mlango ukaanza kufunga kati yao. Ulifunguka tena ulipogusa kigari, lakini ulikuwa umeshagusa.

"Mlango wa duka unaandikwa vuta au sukuma," alisema Mpima ardhi. "Huu unataka nini?"

Alisimama akiwaza. Kisha akaigeukia lifti kwa mgongo, akauzuia mlango kwa mgongo huohuo, akazungusha mkono, unga ukaingia kwanza na yeye akafuata. Wakafanya hivyo mpaka jirani wa ghorofa ya juu, aliyekuwa anaisubiri lifti, akauliza kwa adabu kama unga ule unahamia au unahama.

Ijumaa kabla ya saa sita Breki alifika amevaa viatu vyake vya kazi, vyenye soli nyembamba. Alikizunguka kigari mara moja, akavuta mikanda ya mtoto, akapiga teke dogo kila gurudumu.

"Abiria wa nyuma hasemi," alimwambia binti yake.

"Sijasema."

"Umepumua kwa sauti. Haya, dereva. Ukiwa tayari."

Mhariri aliachia breki. Kiti kilitazama upande wake, ili mtoto amwone baba mgongo na njia iliyo mbele. Kwenye lifti aligeuka, akazuia mlango kwa mgongo, Mkurugenzi akaingia kwanza. Mguu wa Breki, uliokuwa umeshanyanyuka kisigino, ulirudi chini taratibu.

"Hilo nani kakufundisha?"

"Unga."

Nje jua lilikuwa limesimama wima na magari yalikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Mhariri alifunga magurudumu ya mbele, akashusha kofia ya jua, akaanza. Fimbo ilitangulia, ikigusa kulia na kushoto. Yeye akafuata fimbo, na kigari kikamfuata yeye. Njia ya waenda kwa miguu ilikuwa imeinama kuelekea barabarani, kama njia nyingi, na kigari chepesi kingeteremkia huko. Hiki hakikuteremka. Watu waliokuja mbele waliona fimbo, wakapisha, na nafasi waliyoiacha ilimtosha mtoto pia. Kwenye ukingo wa kuvukia alikanyaga breki, tak, tak, akasikiliza, akauliza kwa sauti, "Taa imeruhusu?" Mpita njia akajibu, "Imeruhusu, twende," wakavuka.

"Unauliza watu usiowajua?" alisema Breki.

"Mama, wewe ulikuwa unatazama kioo cha pembeni. Mimi nauliza."

Mpima ardhi, hatua chache nyuma, alikuwa ameushika utepe wake mfukoni kwa nguvu.

Mtaa wa pili una jengo refu lenye maegesho chini yake, na njia ya magari inayotoka huko inakata njia ya waenda kwa miguu. Pembeni mwa njia hiyo kuna ukuta. Anayepanda kutoka chini haonekani. Fimbo ya Mhariri iligusa mahali ambapo lami inaanza kushuka. Alisimama. Alikuwa na desturi ya kusimama kila lami iliposhuka, asikie kitu au asisikie. Hakusikia kitu. Mkono wake wa kushoto ulibaki nyuma, na kigari mwisho wa mkono huo.

Upande wa pili wa njia ileile alikuwa anakuja mama mmoja, anasukuma kigari, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alikuwa anaona vizuri. Hakusimama.

Gari lililotoka chini lilikuwa la umeme, halikutoa mlio wowote. Lilichomoza ukutani wakati magurudumu ya mbele ya kigari cha mama yule yameshashuka kwenye njia yake.

Mguu wa kulia wa Breki ulikanyaga njia kwa nguvu zote.

Matairi yalilia. Gari lilisimama, na kati ya bampa na kigari cha yule mama ilibaki nafasi ya kiganja. Simu ilianguka. Mama alivuta kigari chake nyuma kwa mikono miwili, akachutama, akamshika mtoto uso. Mtoto alikuwa mzima, anapiga miayo. Dereva alishuka ameshika kichwa.

Mhariri hakuwa amehama hata unyayo. "Kuna aliyeumia?"

"Hakuna," alisema Breki.

"Nimesikia mguu, mama. Umekanyaga. Nimefeli?"

"Mama," alisema Mpima ardhi.

"Abiria wa nyuma, kimya."

Breki alifanya alichokuwa akifanya kila baada ya ajali: alisimama pale ilipotokea, akatazama vitu vilipo kabla mtu hajavisogeza. Upande ule, mama alikuwa salama, juu ya njia ya watu. Kigari ndicho kilichokuwa kimeshuka. Upande huu, ncha ya fimbo ilikuwa ukingoni. Nyuma ya fimbo alikuwepo baba mzima. Nyuma ya baba, urefu wa mkono na mpini, alikuwepo Mkurugenzi, anamtazama bibi yake akisubiri maelezo.

"Yule anasukuma," alisema hatimaye. "Mtoto wake ndiye anayefika barabarani kwanza. Miaka yote ninawapita watu hawa, wote, kila siku, sijaliona hilo."

"Na mimi?"

"Wewe unafika kwanza. Mwanao anafika mwisho." Akavuta pumzi. "Mguu haukukanyaga kwa ajili yako. Ulikanyaga kwa ajili ya yule pale. Wewe ulikuwa umeshasimama. Endelea, mwanangu, nani kakwambia usimame hapa mchana kutwa?"

Gari la umeme likarudi chini polepole. Yule mama, kabla hajavuka, alikigeuza kigari chake, akakiweka nyuma yake, akakivuta hadi upande wa pili. Magurudumu yalitikisika kama ya mlevi, lakini alivuka.

Kwenye kituo cha watoto mlezi alifungua geti, akasema vigari vyote vinakunjwa na kupangwa ukutani, na akanyoosha mikono kumsaidia. Mhariri alisema asante, bado. Alikanyaga breki. Alifungua mikanda, akamweka Mkurugenzi mkono wa kushoto, akauvuta ukanda wa kiti kwa mkono wa kulia. Kigari kilijikunja kwa mshindo mmoja, kikasimama chenyewe kati ya vigari viwili vikubwa vilivyolala chali.

"Zima injini," alisema Breki.

Mhariri akasubiri.

"Umefaulu."

Mpima ardhi alikaa kwenye benchi la kuvulia viatu vya watoto, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya utepe. Mlezi alipiga makofi bila kujua anashangilia nini. Walezi wengine wawili wakatoka kutazama, wakapiga pia. Mkurugenzi alipokea shangwe zote kama haki yake.

"Kile kitanda nitakifungua leo jioni," alisema Breki, akiutazama mguu wake.

"Usikifungue, mama," alisema Mhariri. "Mkurugenzi atakuwa na ziara za kikazi kila mwisho wa wiki."

"Nitamwendea mimi mwenyewe kumchukua."

"Kwa kigari?"

"Kwa kigari. Na usinicheke, nitavuta."

Jumatatu baada ya saa sita mchana, Mpima ardhi alikuwa kwenye kiwanja cha nje ya mji, jicho kwenye kifaa chake, msaidizi ameshika nguzo mbali kwenye nyasi. Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mume wake, mfupi, umekatwa vizuri mwanzo na mwisho. Aliusikiliza. Hapakuwa na neno ndani yake. Palisikika geti likifunguliwa, kisha breki, pande zote mbili: tak, tak.